Kulala na tenti kwenye shamba la mtu kijijini bila kufukuzwa usiku: mwongozo kamili, mfano wa Mgeta

Nimechoka kusoma meseji zinazofanana. "Kaka tulifika vizuri, tukamkuta jamaa shambani tukamuomba akasema poa hakuna shida, tukafunga tenti, saa nne usiku tochi sita zimetuzunguka tunaulizwa sisi ni nani." Mwingine amekimbia siafu na watoto wawili, mwingine kapelekwa hadi kwa mtendaji asubuhi kama mwizi wa ng'ombe. Na wote wana vifaa vizuri kuliko vyangu! Tatizo haliko kwenye tenti. Liko kwenye ruhusa, watu wanaichukulia kama salamu ya kupita njiani wakati ndiyo kambi yenyewe.

Sababu ya kwenda shambani mnaijua. Pasaka, Nanenane, mwisho wa mwaka, kambi za kulipia zinajaa hadi kamba ya tenti yako inapishana na ya jirani, spika za watu zinapiga mpaka alfajiri, choo foleni. Shambani mna eneo lenu, mna mwenyeji, mnakula njegere zilizochumwa leo.

Nitatumia Mgeta, kule juu Uluguru, wilaya ya Mvomero mkoani Morogoro, kwa sababu ndiko ninakolala mara nyingi na nakujua. Ukienda Lushoto au Njombe hatua ni zilezile, badilisha tu mambo ya ukoo na baridi.

## Vitu vya kuandaa kwanza

Usianze hatua ya kwanza kama hivi huna.

- Tenti yenye kifuniko cha juu cha mvua, na turubai la kutandika chini. Turubai liwe dogo kidogo kuliko sakafu ya tenti, likichungulia nje linakusanya maji ya mvua na kuyaingiza chini yako.
- Slipingi begi au blanketi mbili nzito kila mtu, na godoro jembamba au mkeka wa sponji. Baridi ya mlimani inatoka chini zaidi kuliko juu.
- Tochi ya kichwani kila mtu, betri za akiba, pawa benki.
- Jiko la gesi la mtungi mdogo. Usitegemee kuni za kijijini, hizo kuni zina wenyewe.
- Madumu mawili ya lita 20, sufuria yenye mfuniko, vidonge vya kutibu maji.
- Jembe dogo au koleo, kamba ya manila mita 20, vigingi vya ziada.
- Buti au raba zinazofunika kifundo cha mguu, soksi ndefu, koti la mvua.
- Boksi la huduma ya kwanza: bandeji, dawa ya kusafisha vidonda, dawa ya maumivu, ORS, na dawa zako binafsi kama unazo.
- Mifuko ya taka, angalau mitatu.
- Kitambulisho cha NIDA cha kila mtu mzima na kopi yake. Mgeni wa nje ya nchi abebe pasipoti na kopi.
- Daftari dogo na peni. Hii nitaieleza.
- Zawadi ya nyumbani: sukari kilo mbili, majani ya chai, sabuni ya mche, mafuta ya kula lita moja. Pombe acha, hujui nyumba unayoingia ni ya dini gani.
- Khanga au kitenge kwa wanawake, suruali ndefu kwa wanaume. Kaptura za mazoezi vaa ukiwa ndani ya eneo lako tu.

Pesa taslimu ndogondogo pia. Noti za elfu mbili na elfu tano zinasaidia kuliko elfu kumi, huko juu chenji ni shida.

## Hatua ya 1: Chagua msimu kabla ya kuchagua shamba

Masika, Machi mpaka Mei, usiende. Barabara ya kupanda ni ya mwinuko na udongo ukilowa gari linateleza kama liko kwenye sabuni, na kwenye miteremko ile udongo wenyewe unashuka. Vuli nayo, Oktoba mpaka Desemba, inawezekana lakini uwe na tenti ya uhakika.

Muda mzuri ni Juni mpaka Septemba. Angalizo lake ni baridi, Juni na Julai usiku kule juu si baridi ya Dar ya kuvaa sweta, ni baridi ya kukunyima usingizi kama huna kitu chini ya mgongo.

Kutoka Dar ni rahisi siku hizi, treni ya SGR inakufikisha Morogoro mapema, halafu unaulizia gari za Mgeta. Zinashika barabara ya Iringa, zinaiacha pale Sangasanga, zinapita Mzumbe na Mlali halafu ndiyo mnaanza kupanda. Lenga kufika shambani kabla ya saa tisa mchana. Ukifika saa kumi na mbili jioni umeshaharibu hatua zote zinazofuata maana hakuna kiongozi utakayemkuta na utafunga tenti gizani.

## Hatua ya 2: Pata mwenyeji kabla hujaondoka mjini

Kwenda halafu ndo utafute shamba huko huko, hapo ndipo wengi wanaanguka. Mwenyeji anatafutwa kwa simu, wiki mbili kabla.

Njia inayofanya kazi ni soko. Mboga nyingi za Mgeta, kabichi, karoti, njegere, zinashuka mpaka masoko ya Morogoro na Dar. Nenda kwa mama au kaka anayeuza, nunua mzigo, muulize unatoka kwa nani, omba namba. Mtu aliyetambulishwa kwa mkulima na mteja wa mboga zake anapokelewa tofauti kabisa na mtu aliyeshuka kwenye gari na begi kubwa mgongoni. Njia nyingine ni mwalimu wa shule ya kule, muuguzi wa zahanati, padri au imamu, hao watu wanajua kila familia na wanajua nani ana ugomvi na nani.

Ukipiga simu sema ukweli wote: mko wangapi, wanaume wangapi wanawake wangapi, watoto, mnalala siku ngapi, mnakuja kufanya nini. "Tunakuja kupumzika" ni jibu ambalo kijijini halieleweki, anayelala porini kwa hiari yake wakati ana nyumba anatia shaka. Sema mnataka kuona milima, watoto wajue shamba, mlale kwenye tenti zenu wenyewe, na mtalipia eneo.

Hatua imekamilika pale mwenyeji anapokuuliza "mtakula nini?" Hapo ameshawaona ni wageni wake.

## Hatua ya 3: Jua shamba ni la nani kweli

Hapa nitakaa muda mrefu maana hapa ndipo tochi sita zinapotokea.

Mwaka wangu wa pili wa kupiga kambi nilikubaliana na baba mmoja, mtu mwema sana, akatuonyesha sehemu nzuri chini ya mti, tukalipa, tukafunga. Saa tano usiku akaja mzee mwingine na vijana wanne. Kumbe lile shamba lilikuwa la ukoo wa mke wake, na yule mzee ni mjomba wa mke, hajaulizwa. Hakuwa na ubaya wowote, alichosema ni kimoja: "Nani amewapa ardhi ya ukoo wetu?" Tulihamisha tenti gizani na watoto wamelala mabegani, na yule baba aliyetupokea alipata aibu mbele ya wakwe zake kwa sababu yetu. Hiyo ndiyo inaniuma mpaka leo, sisi tuliondoka, yeye alibaki nayo.

Waluguru wanafuata ukoo wa mama. Ardhi nyingi ya kule inapita upande wa mama, kwa hiyo mume anaweza kuwa analima shamba miaka 20 na bado neno la mwisho liko kwa mke, kaka zake na wajomba. Sehemu nyingine za nchi inakuwa ndugu wa baba mmoja hawajagawana urithi, unapewa ruhusa na mdogo halafu mkubwa anasikia kwa watu. Kwa hiyo swali la "shamba lako?" halitoshi, kila mtu atasema ndiyo, na kwa anavyoelewa yeye hadanganyi.

Uliza hivi, na uliza mbele ya mke na mume wote wawili mkiwa mmekaa:

"Shikamoo mama, shikamoo baba."

"Marahaba, karibuni. Habari za safari?"

"Nzuri, tunashukuru. Mama, tunaomba tujue vizuri tusije tukakosea. Hili shamba mmenunua, au ni la ukoo?"

"La ukoo, la kwetu huku kwa mama."

"Sawa. Basi kuna mjomba au mkubwa yeyote tunapaswa kwenda kumsalimia kabla hatujafunga tenti?"

Swali la mwisho ndilo lenye kazi. Hujamshitaki mtu kwamba hana mamlaka, umeomba kusalimia. Wakisema yupo, nenda siku hiyohiyo na sukari kilo moja, kaa dakika kumi, eleza tena. Wakisema hayupo au yuko mjini, omba wampigie simu ukiwa pale.

Maswali mengine mawili usiyaache. Je kuna mgogoro wowote wa mpaka? Kama upo, hata kidogo, kataa shamba hilo kwa upole, maana tenti yako itageuzwa ushahidi wa nani anamiliki. Na je, kuna makaburi au sehemu ya tambiko? Watu wanazika mashambani, na kaburi la zamani linaweza kuwa mawe matatu tu na majani. Vichaka vya tambiko navyo Uluguru vipo, kwa macho yako ni msitu mdogo mzuri wenye kivuli, na ndiyo sehemu ambayo utaitamani kwanza.

## Hatua ya 4: Ripoti kwa uongozi wa kijiji

Hata mwenyeji akisema "hakuna haja, mimi ninajulikana", nenda. Wewe ndiye hujulikani.

Anza na mwenyekiti wa kitongoji, yeye atakupeleka kwa mwenyekiti wa kijiji au kwa mtendaji. Nenda na mwenyeji wako, msitangulie peke yenu. Toa vitambulisho bila kuombwa, saini kitabu cha wageni, waachie kopi, sema mnalala kwa nani na mnaondoka lini. Sababu ni ya kawaida tu: ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji, ndivyo Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya 1999 ilivyoweka, na ulinzi wa kijiji usiku unafanywa na vijana wa palepale. Mwenyekiti akijua, vijana wanajua, na moto wenu ukionekana mlimani hakuna atakayepiga yowe.

Kama namba ya mwenyekiti ulipewa na rafiki aliyeenda zamani, ihakikishe kwanza. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulifanyika Novemba 2024, unaweza kuwa unampigia aliyemaliza muda wake.

Ukiombwa mchango au ada, uliza kwa heshima kama kuna risiti. Ikiwepo lipa. Isipokuwepo sema utachangia kupitia ofisi na risiti ikiwa tayari, usibishane, usipandishe sauti.

Mambo yanayowafanya watu wawashuku haraka mno: kurusha droni, kupima ardhi kwa hatua au kwa simu, kupiga picha mipaka, kuchimba shimo lisiloelezwa, kupanda mti. Ndiyo, kupanda mti! Kijijini anayepanda mti anaweka alama ya umiliki. Kuna dada alipanda mwembe kwa moyo mweupe kabisa kama kumbukumbu na ikawa kesi ya kikao.

Na usichanganye shamba na hifadhi. Juu ya mashamba kuna msitu wa hifadhi, huko kibali ni cha TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu, mwenyeji wako hawezi kukuruhusu hata kama mpaka uko mita kumi kutoka kwake.

## Hatua ya 5: Andikeni makubaliano

Hapa ndipo daftari linafanya kazi. Ukurasa mmoja unatosha: majina yenu, jina la mwenyeji, tarehe ya kuingia na kutoka, sehemu gani ya shamba, kiasi cha pesa, nani anapokea. Wote mnasaini. Piga picha ukurasa, mwachie mwenyeji nakala.

Kwenye bei, mimi hutoa kati ya elfu kumi na elfu ishirini kwa tenti kwa usiku, na chakula nanunua kwao kwa bei ya soko bila kupunguza. Kama ardhi ni ya upande wa mama, mpe mama mkononi, mbele ya mume. Usimpe mmoja kwa siri.

Kubalianeni pia mambo haya kwa mdomo, moja moja: choo gani mtatumia, maji mtachota wapi na saa ngapi, moto mnaruhusiwa kuwasha wapi, mbwa wanafunguliwa saa ngapi, muziki. Muziki mimi nashauri hakuna kabisa, watu wanaamka saa kumi na moja kwenda shambani. Kama mko wanaume na wanawake ambao si wanandoa, tenti za wanawake zikae upande wa nyumba ya mwenyeji. Utaona ni ushamba, lakini mwenyeji wako ndiye atakayesemwa wiki nzima mkishaondoka.

## Hatua ya 6: Chagua sehemu ya kufunga tenti

Mgeta ni miteremko na matuta. Unatafuta sehemu tambarare yenye ukubwa wa tenti mara mbili, iliyoinuka kidogo kuliko inayoizunguka.

Usifunge kwenye:

- Mkondo au korongo, hata liwe kavu kabisa. Mvua inaweza kunyesha juu mlimani wewe ukiwa na nyota kichwani, maji yakakukuta.
- Ukingo wa chini wa tuta refu. Udongo ukiloa unashuka.
- Chini ya mti mkubwa wenye matawi makavu.
- Karibu na mto au chanzo cha maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka kingo za mto, ukae nje ya hapo. Na mbu pia ni wengi.
- Njia ya mifugo au ya watu wanaokwenda kuchota maji.
- Jirani na bustani iliyopuliziwa dawa.

Hiyo ya dawa wageni hawaifikirii kabisa. Kabichi na nyanya zinapuliziwa dawa za wadudu mara kwa mara, upepo unaleta kwenye tenti, kwenye sufuria, kwenye mikono ya watoto. Muulize mwenyeji: "Mmepuliza lini na mtapuliza lini tena?" Kama ni wiki hii, kaa mbali na bustani hiyo, upande ambao upepo hautoki huko kuja kwako. Watoto wasichume kitu wakala shambani bila kuuliza.

Sehemu bora ni shamba lililopumzishwa au ua wa nyuma wa nyumba, ambapo sauti yako inafika kwa mwenyeji ukiita.

## Hatua ya 7: Funga tenti mchana

Ondoa mawe na visiki kwa mkono. Usifyeke wala usikate jani la mgomba bila kuomba. Kagua ardhi yote kwa mashimo ya nyoka, kichuguu, na mstari wa siafu. Tandika turubai, simamisha tenti, mlango uangalie upande ambao upepo hautokei na ikiwezekana uangalie nyumba ya mwenyeji. Vigingi vipigwe vikiwa vimeinama, kichwa kikiangalia mbali na tenti, ndio vinashika.

Chimba mfereji mdogo wa kina cha vidole vinne upande wa juu wa mteremko kama tu mvua inatarajiwa na mwenyeji amekubali. Mkiondoka mnaufukia.

Jaribu hivi: mwaga lita tano za maji upande wa juu wa tenti. Yakipita pembeni umefaulu. Yakiingia chini, hamisha sasa hivi, jua bado lipo.

## Hatua ya 8: Maji na choo

Maji ya mfereji wa kumwagilia si ya kunywa hata uyachemshe. Yamepita kwenye bustani za watu, na dawa za wadudu haziondoki kwa kuchemsha wala kwa vidonge, hivyo vinaua vijidudu tu. Chota kwenye bomba la kijiji au chemchemi wanayokunywa wenyeji, halafu bado chemsha. Yakichemka kwa mapovu makubwa acha dakika moja mpaka tatu. Ukitumia vidonge soma kipimo kwenye pakiti na subiri nusu saa kabla ya kunywa.

Choo, tumia cha mwenyeji na usaidie kukisafisha. Kama kiko mbali sana na amekubali, chimba shimo lenu la kina cha sentimita 20 hivi kwa kila matumizi, mbali na maji, mbali na mazao, fukia kabisa. Pedi, pampasi na tishu zenye dawa hazifukiwi, zinarudi mjini kwenye mfuko. Mbwa wanafukua, na asubuhi zitakuwa uani kwa mtu.

Kuosha vyombo na kuoga kufanyike mbali na mto, kwa kubeba maji kwenye beseni. Huko chini kuna watu wanayachota hayohayo.

## Hatua ya 9: Moto, jiko, na kitu kinachoua kimyakimya

Pikia gesi. Moto wa kuota uwe sehemu mliyokubaliana, mduara wa mawe, ardhi wazi pande zote, dumu la maji pembeni. Kiangazi majani ya mlimani ni makavu na upepo wa jioni una nguvu, cheche moja inachoma shamba la mtu na inaweza kufika hifadhini. Kuni nunua, usiokote.

Kuzima moto ni kumwaga maji, kukoroga majivu, kumwaga tena, halafu kuweka kiganja juu. Ukisikia joto, bado haujazimika.

Sasa hili nalisema kwa herufi zote: JIKO LA MKAA HALIINGII NDANI YA TENTI. Wala la gesi. Wala "kwa dakika tano tu tupashe joto". Mkaa unatoa hewa ya sumu, kaboni monoksidi, haina harufu wala rangi, unaanza na kichwa kuuma na usingizi mzito, na kwa sababu ni usiku unadhani ni uchovu wa safari. Familia nzima inalala na haiamki. Baridi ya Juni ndiyo inayowashawishi watu, kwa hiyo jipange nayo mapema: kula vizuri jioni, vaa soksi kavu za kulalia ambazo hukutembea nazo mchana, jaza maji ya moto kwenye chupa ngumu isiyovuja, ifunge ndani ya soksi uiweke miguuni. Chupa moja inakupeleka mpaka saa tisa usiku.

## Hatua ya 10: Usiku, siafu na nyoka

Chakula chote kwenye ndoo yenye mfuniko, ikiwezekana ndani kwa mwenyeji. Mabaki ya chakula yanaita panya, panya wanaita nyoka. Zipu ya tenti ifungwe muda wote, hata ukitoka sekunde. Viatu ndani, na asubuhi vikung'ute kabla ya kuvaa, nge na tandu wanapenda humo.

Siafu wanatembea sana baada ya mvua. Mwagia majivu baridi kuzunguka tenti, duara nene lisilo na mwanya, wenyeji ndivyo wanavyofanya na yanasaidia. Mafuta ya taa usimwage, unaharibu udongo wa mtu. Wakiingia, usipigane nao: toa watoto kwanza, sogeeni mita 30 pembeni, vueni nguo mzikung'ute, mng'oe mmoja mmoja. Baada ya saa kadhaa wataondoka wenyewe, tenti utaikuta salama.

Nyoka akimuuma mtu: mlaze, mtulize, vua pete, saa na kiatu upande ulioumwa, funga kiungo kwa kibao au fimbo kisitingishike, mbebeni kwenda hospitali. Usichanje, usinyonye, usikaze kamba, na usipoteze muda kwenye jiwe la nyoka hata kama analoleta ni mzee unayemheshimu. Ndiyo maana siku ya kwanza kabla ya giza unauliza vitu vitatu: zahanati iko wapi, nani ana pikipiki, namba yake ipi. Andika kwenye karatasi pia, simu huisha chaji. Polisi ni 112, zimamoto na uokoaji 114, ila tafuta kwanza sehemu ya shamba yenye mtandao, kule kuna kona hazishiki kabisa.

Akija mtu usiku, usizime tochi mkajificha. Toka, washa taa, salimia kwanza, taja jina la mwenyeji na la mwenyekiti. "Shikamoo mzee, sisi wageni wa mama fulani, tumesaini kwa mwenyekiti leo mchana." Kama hatua ya 3 na ya 4 zilifanyika, mazungumzo yanaishia hapo, mara nyingi mnaachiwa na ndizi.

## Hatua ya 11: Kuondoka

Anza kufungua asubuhi umande ukikauka, tenti mbichi ikifungwa inaota ukungu. Fukia mfereji, tawanya majivu yaliyopoa pale mwenyeji anapotaka, wengi wanayapenda kwa bustani. Rudisha mawe. Kusanya taka zote mpaka vifuniko vya chupa, na uzibebe, kijijini hakuna gari la taka, chochote unachoacha kitachomwa au kitaishia mtoni.

Kisha muite mwenyeji mtembee naye eneo lote pamoja. Hii watu wanairuka kwa haraka ya gari. Kama kuna mche umekanyagwa, aone ukiwa hapo, na ulipe hapohapo. Mpitie mwenyekiti umwambie mnaondoka ili kitabu kifungwe, na yule mjomba mpitie pia hata kama ni kumpungia mkono getini.

Ukifika mjini piga simu usiku huohuo, "mama tumefika salama." Mimi nilipopiga baada ya safari yangu ya tatu, mama alijibu: "Lile eneo lenu sijalima, mtarudi lini?"